Ziwa lipi lina maji mengi zaidi? Kupima maziwa ya ukanda wetu kwa ujazo

Ukiwa Gasenyi, kwenye mitaa ya juu ya kaskazini mwa Bujumbura, siku isiyo na ukungu utaliona Ziwa Tanganyika likiwa chini yako, na ng'ambo yake milima inayosimama nyuma ya Uvira. Kutoka hapo ziwa linaonekana jembamba. Macho yanavuka hadi Congo bila taabu. Mtu aliyewahi kukaa Mwanza, Kisumu au Entebbe, ambako ukitazama mbele unaona maji na mbingu tu, atakuambia bila kusita kwamba Ziwa Victoria ndilo kubwa. Kwa kutazama ramani yuko sahihi. Kwa kuhesabu maji, hapana.

Makala hii inalinganisha maziwa makubwa ya ukanda wetu kwa wingi wa maji yaliyomo. Inaeleza pia kwa nini hesabu hiyo inakuhusu wewe unayechota maji, unayevua, unayeishi karibu na ufuko au unayeishi kambini mbali na ziwa lolote.

Upana ni jambo moja, maji ni jambo lingine

Chukua ndoo ya maji uimwage kwenye sinia la pilau. Maji yatatanda sinia lote na mengine yatamwagika sakafuni. Ndoo ileile ukiimimina ndani ya mtungi mkubwa, hata nusu haitafika. Ziwa Victoria ni sinia. Tanganyika ni mtungi, tena mtungi mrefu ajabu.

Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba 68,800 hivi. Tanganyika lina 32,900, yaani chini ya nusu. Duniani kote, ukiacha Bahari ya Kaspi ambayo maji yake yana chumvi, ni Ziwa Superior pekee la Amerika ya Kaskazini linalolizidi Victoria kwa upana. Lakini kina cha wastani cha Victoria ni mita 40 tu, na mahali pake pa chini kabisa ni mita 80 na kidogo. Kina cha wastani cha Tanganyika ni mita 570, na mahali pake pa chini kabisa ni mita 1,470. Vitabu huandika kwamba uso wa Tanganyika uko mita 773 juu ya usawa wa bahari. Ondoa kina hicho, utaona kwamba sakafu ya ziwa iko karibu mita 700 chini ya usawa wa bahari, ingawa bahari yenyewe iko mbali sana na hapa.

Hesabu ya ujazo si ngumu, hata mwanafunzi wa shule ya msingi anaweza kuifanya. Zidisha eneo la ziwa kwa kina chake cha wastani, baada ya kugeuza mita kuwa kilomita. Kwa Victoria ni 68,800 mara 0.04, unapata kilomita za ujazo 2,752. Kwa Tanganyika ni 32,900 mara 0.57, unapata 18,753. Vitabu vingi huandika 18,900. Kwa hiyo Tanganyika moja ni sawa na Victoria karibu saba.

Kilomita moja ya ujazo ni nini? Fikiria sanduku lenye urefu wa kilomita moja, upana wa kilomita moja na kimo cha kilomita moja, limejaa maji hadi juu. Ndani yake mna lita trilioni 1. Ukiyachota kwa dumu la lita 20, au bidoni kama wengi wetu tunavyosema, utajaza madumu bilioni 50.

Maziwa yetu kwa mpangilio wa maji

Hizi ndizo takwimu za karibu, kwa kilomita za ujazo:

Tanganyika: 18,900
Nyasa, ambalo nchini Malawi huitwa Ziwa Malawi: 8,400
Victoria: 2,750
Kivu: kati ya 500 na 580
Turkana: zaidi kidogo ya 200
Albert: 130 hivi
Edward: chini ya 100

Ukiyajumlisha yote unapata kama 31,000, ambayo ni karibu robo ya maji yote baridi, yaani yasiyo na chumvi na yasiyoganda, yaliyo juu ya ardhi duniani. Ni Ziwa Baikal la Urusi tu, lenye kilomita za ujazo 23,600, linalolishinda Tanganyika. Superior, lile linalolizidi Victoria kwa upana, lina 12,100. Nyasa ni la nne baada yake.

Angalia Kivu na Albert. Albert lina eneo la kilomita za mraba 5,300, karibu mara mbili ya Kivu. Lakini kina cha wastani cha Albert ni mita 25, na cha Kivu ni mita 240, kwa hiyo Kivu, ziwa dogo kwenye ramani, lina maji kama mara nne ya Albert. Watu wa Bukavu na Goma wana kisima kirefu mlangoni.

Na yale maziwa ya huko Kirundo, Rweru na Cohoha, ambayo Burundi inagawana na Rwanda? Yanaonekana mapana, lakini kina chake ni cha mita chache tu, na kila moja lina sehemu ndogo tu ya kilomita moja ya ujazo. Ziwa la aina hiyo likikosa mvua miaka miwili au mitatu mfululizo, mkulima aliye kando yake anaona tofauti kwa macho. Tanganyika halina hofu hiyo. Hata Victoria lenyewe, kwa ajili ya uchache wa kina chake, liliwahi kukauka kabisa zaidi ya miaka 15,000 iliyopita, wakati wa ukame mkubwa, kisha likajaa upya. Wakati huohuo Tanganyika lilipungua mamia ya mita na bado likabaki ziwa.

Usishangae ukikuta takwimu tofauti na hizi mahali pengine. Kina hupimwa kwa kutuma sauti chini na kusubiri irudi, na kila kipimo kipya husahihisha kile cha zamani. Pia watu hawahesabu kitu kimoja. Kwa mfano, eneo la Kivu huandikwa kilomita za mraba 2,700 ukihesabu pamoja na kisiwa cha Idjwi na visiwa vingine. Ukihesabu maji matupu, ni chini ya 2,400. Mwanafunzi akiulizwa kwenye mtihani, aandike ile iliyo kwenye kitabu cha shule yake.

Kivu lina jambo lake

Hatuwezi kutaja ujazo wa Kivu bila kutaja gesi. Ndani ya maji yake ya chini mmeyeyuka kaboni dayoksaidi nyingi sana, karibu kilomita za ujazo 300 kama ingetolewa na kupimwa hewani, pamoja na methani kama kilomita za ujazo 60. Uzito wa maji yaliyo juu ndio unaoizuia isitoke, kama kizibo kinavyozuia povu ndani ya chupa ya soda. Mwaka 1986 ziwa dogo la Nyos nchini Kamerun lilitoa gesi ya namna hiyo usiku mmoja, watu zaidi ya 1,700 wakafa. Nyos ni kijiziwa tu ukililinganisha na Kivu, ndiyo sababu wataalamu wa Rwanda na Congo hulipima Kivu mara kwa mara. Huko Karongi, upande wa Rwanda, mtambo wa KivuWatt umekuwa ukivuta methani hiyo na kuzalisha umeme tangu 2016. Baadhi ya umeme wa ukanda huu, basi, unatoka chini ya maji.

Maji mengi, dumu tupu

Turudi Bujumbura. Kiwango kinachotumiwa na mashirika ya misaada ni lita 20 kwa mtu kwa siku, na wakati wa dharura kisipungue lita 15. Tuchukue Burundi nzima, tuseme watu milioni 13, kila mmoja apewe lita zake 20 kila siku kwa mwaka mzima. Jumla haifiki hata kilomita 0.1 ya ujazo. Jua peke yake, kwa siku moja, huondoa maji mengi zaidi ya hayo kutoka kwenye uso wa Tanganyika kwa njia ya mvuke.

Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba maji hayatoki bombani kwa sababu ziwa limepungua, usimwamini. Ziwa halijapungukiwa. Kinachopungua ni pampu, mabomba, dawa ya kusafishia na umeme. Sehemu kubwa ya maji ya Bujumbura huvutwa na REGIDESO kutoka ziwani, husafishwa, kisha husukumwa kupanda mlimani. Maji ni mazito: dumu moja ni kilo 20, na mwanamke aliyelibeba kichwani kutoka mtoni anajua hilo kuliko mhandisi yeyote. Kadiri mtaa ulivyo juu, ndivyo pampu inavyohitaji nguvu zaidi kuufikia. Umeme ukikatika, mitaa ya bondeni bado inaweza kupata mabaki yaliyo kwenye mabomba, ya juu kama Gasenyi inakauka kwanza. Mtu anaweza kuliona ziwa la pili duniani kwa wingi wa maji akiwa dirishani, na ndani ya nyumba hana maji ya kuosha sahani.

Uchafu unaoingia hautoki

Wengine hufikiri kwamba ziwa kubwa namna hii haliwezi kuchafuka, kwamba maji ni mengi mno. Hesabu inaonyesha kinyume.

Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea, Mto Lukuga, unaoanzia Kalemie na kuelekea Mto Congo. Kiasi kinachotoka hapo kwa mwaka ni kidogo sana, kama kilomita za ujazo 2.7. Zaidi ya tisa ya kumi ya maji yanayoondoka ziwani huondoka kama mvuke, na mvuke haubebi uchafu. Chumvi, mafuta, sumu ya viwandani, vyote hubaki. Gawanya 18,900 kwa 2.7 utaona kwamba, kwa kupitia Lukuga peke yake, maji ya ziwa yangehitaji kama miaka 7,000 kubadilishwa yote. Victoria, ambalo hutoa kati ya kilomita za ujazo 30 na 40 kwa mwaka kupitia Mto Nile pale Jinja, lingehitaji chini ya karne moja. Mtungi mrefu wenye tundu dogo haujisafishi upesi.

Pia maji ya ziwa hayachanganyiki haraka. Yale ya vilindini hukaa chini miaka mingi bila kupanda, na yale ya ufukoni hukaa ufukoni. Mtoto anayejisaidia kwenye maji ya magotini hachafui kilomita za ujazo 18,900; anachafua dumu la jirani yake anayechota hatua kumi kutoka hapo.

Mwezi Mei 2015 jambo hilo lilionekana wazi. Makumi ya maelfu ya Warundi walikuwa wamekusanyika Kagunga, kijiji cha Tanzania kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, wakisubiri meli ya MV Liemba iwafikishe Kigoma. Vyoo vilikuwa vichache mno kwa umati ule. Maji ya kunywa yalikuwa ni yaleyale ya ziwani. Kipindupindu kikazuka, na watu wapatao 30 wakafa, wakiwa wamesimama mbele ya maji mengi kuliko yale ya Marekani na Kanada kwenye ziwa lolote moja.

Kwa hiyo, ukichota ziwani au mtoni, yachemshe mpaka yatokote kabisa na yaendelee kutokota kwa dakika moja, au tumia vidonge vya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Kama yana tope, yaache yatulie kwanza na uyachuje kwa kitambaa safi, kwa sababu dawa haifanyi kazi vizuri kwenye tope. Kisha yahifadhi kwenye chombo chenye mdomo mwembamba na kifuniko. Mtu akianza kuharisha maji matupu, mpe ORS mara moja na umpeleke kituo cha afya. Usisubiri asubuhi.

Mbona samaki si mara saba?

Kama Tanganyika lina maji mara saba ya Victoria, mtu angetegemea samaki mara saba. Ukweli ni kwamba Victoria hutoa samaki wengi zaidi, tena mara kadhaa. Sababu ni hewa. Samaki huhitaji oksijeni, na oksijeni huingia majini kutoka juu. Upande wa kaskazini wa Tanganyika, huku kwetu, oksijeni hufika mita 100 hivi tu; upande wa kusini, karibu na Mpulungu, huweza kufika mita 200. Chini ya hapo ni giza na maji yasiyo na uhai wa samaki hata mmoja.

Piga hesabu tena. Mita 100 za juu za ziwa lote hazizidi kilomita za ujazo 3,300. Hiyo si mbali na Victoria zima. Yaliyobaki, zaidi ya kilomita za ujazo 15,000, ni ghala lililofungwa: mna mbolea nyingi ya asili humo chini, lakini hupanda juu polepole, hasa wakati upepo wa kusini wa kiangazi unapoyasukuma maji. Hewa ya dunia ikizidi kuwa joto, tabaka la juu huwa jepesi zaidi na ghala hilo hufungika zaidi.

Ndiyo maana ndagala na mukeke, ambao Kigoma huitwa dagaa na migebuka, si mali isiyo na mwisho. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi kwenye Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Kufunga huko kuliwaumiza wavuvi na kina mama wanaoanika dagaa, na malalamiko yao yana msingi, kwa maana miezi mitatu bila kipato si kitu kidogo. Lakini anayesema kwamba ziwa kubwa hivi haliwezi kuishiwa anahesabu maji ambayo samaki hawaishi humo.

Mvua ya kwako inaishia ziwa gani?

Huenda uko mbali na ufuko wowote na unajiuliza haya yote yanakuhusu vipi. Burundi imegawanywa na mgongo wa milima kutoka kaskazini hadi kusini, na tone la mvua likianguka juu yake huchagua upande.

Mvua inayonyesha upande wa Bujumbura hushuka Tanganyika, kisha Lukuga, kisha Congo, mpaka Bahari ya Atlantiki. Mvua inayonyesha kwenye kambi ya Musasa huko Ngozi, au Gasorwe huko Muyinga, hushuka hadi Kagera, kisha Ziwa Victoria, kisha Nile, mpaka Misri na Bahari ya Mediterania. Huko Rutovu, kusini mwa Burundi, ipo chemchemi inayohesabiwa kuwa ndiyo ya kusini kabisa ya Nile, na juu ya kilima pamejengwa piramidi ndogo kuionyesha.

Waliohamishiwa Musenyi, huko Giharo, baada ya kuvuka kutoka Congo mwaka 2025, wako kwenye bonde la Malagarasi. Hata wale wa Nyarugusu na Nduta, nchini Tanzania, wako kwenye bonde hilohilo. Malagarasi huzunguka mbali na kumwaga maji yake Tanganyika, kusini mwa Kigoma. Mtu aliyekimbia kutoka Uvira au Fizi na sasa anaishi Musenyi bado anatumia maji ya njiani kuelekea ziwa lake la nyumbani. Na ndugu zake walio Nakivale, Uganda, wako upande wa Victoria.

Miti ikikatwa ovyo kuzunguka kambi au kijiji, udongo unaooshwa na mvua hushuka njia hizohizo. Hilo ni jukumu la wenyeji na wakimbizi kwa pamoja, kwa sababu mto hauulizi kadi ya mtu.

Mita moja tu

Sasa tufike kwenye hesabu iliyo muhimu kuliko zote kwa anayeishi bondeni. Ili uso wa Tanganyika upande mita moja, yanatakiwa maji kama kilomita za ujazo 33. Ni mengi: ni kama robo ya Ziwa Albert zima. Lakini kwa Tanganyika lenyewe hayafiki hata sehemu 2 kwa kila 1,000 ya maji yaliyomo. Ziwa halihisi. Gatumba inahisi.

Tangu mwishoni mwa miaka ya 2010 mvua zilikuwa nyingi, ziwa likapanda mwaka hadi mwaka. Mwezi Aprili 2020 Ruzizi ilifurika na kuizamisha Gatumba. Mwezi huohuo maji ya mlimani yalibomoa nyumba Uvira. Mwaka 2021, na tena 2024, uso wa ziwa ulipanda hadi karibu na kiwango cha miaka ya 1960. Kibenga, sehemu za bandari ya Bujumbura, Rumonge, Baraka, Kalemie, kote maji yaliingia majumbani. Mwezi Aprili 2024 serikali ya Burundi na Umoja wa Mataifa ziliomba msaada wa kimataifa kwa ajili ya walioathirika. Wengi wao walikuwa wanahama kwa mara ya pili au ya tatu, na wapo wakimbizi waliokimbia risasi ng'ambo wakaja kukimbizwa na maji huku.

Ukilinganisha na Victoria, mita moja huko inahitaji kilomita za ujazo 69, ambazo ni zaidi ya sehemu 2 kwa kila 100 ya maji yake. Victoria nalo lilipanda zaidi ya mita 2 baada ya mvua kubwa za 1961, kiwango chake cha 1964 kikafikiwa tena mwaka 2020, na likapanda tena 2024. Maziwa haya mawili, moja sinia na jingine mtungi, hupanda pamoja kwa sababu mvua inayoyajaza hutoka kwenye mawingu yaleyale. Ukisikia kwamba Kisumu au Mwanza wanahama ufukoni, jua kwamba Bujumbura na Kigoma huenda zisiwe mbali.

Na ziwa huweza kushuka pia. Miaka ya 1870 wasafiri Cameron na Stanley walimkuta Lukuga akiwa karibu kuzibwa kabisa na matope na mafunjo, na Tanganyika lilikuwa limejaa kuliko sasa. Mwaka 1878 maji yalivunja kizuizi hicho. Ndani ya miaka kama 15 ziwa likashuka karibu mita 10. Ardhi kubwa tambarare iliyo kando ya maji leo, ile ambayo watu wamejengea na kulima, ilikuwa chini ya ziwa wakati babu wa babu zetu walipokuwa hai. Ziwa linaijua.

Kwa anayeishi chini, kati ya barabara kuu na ufuko, au kando ya Ruzizi, kuna mambo machache ya kufanya kila mwaka. Ziwa hufikia kilele chake kati ya Aprili na Mei, baada ya mvua ndefu, kwa hiyo usihamie nyumba ya bondeni mwezi Agosti kwa sababu tu umeikuta kavu na kodi yake ni rahisi. Uliza majirani maji yalifika wapi 2021 na 2024, na uangalie alama ukutani. Weka kadi ya mkimbizi, vyeti vya watoto na karatasi za hospitali ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji, mahali pa juu. Sikiliza tangazo la IGEBU redioni wakati wa mvua, na walio Tanzania wasikilize la Mamlaka ya Hali ya Hewa. Choo kikizama, visima vyote vya jirani vichukulie kuwa vimechafuka hadi vitiwe dawa. Na ukiombwa kuhama, mwambie kiongozi wa mtaa au wa kambi kabla hujaondoka, ili jina lako liwemo kwenye orodha ya mahali unakokwenda.